GPS ya gari: inajua ulipo, lakini barabara haiijui

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha madereva, swali moja halikosekani: ninunue GPS ya gari, au simu yangu inatosha? Anayeuliza leo ni dereva wa lori anayepanda kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Kesho ni mwalimu aliyeagiza gari lake la kwanza kutoka Japani, akakuta kioo kwenye dashibodi kinamsalimia kwa Kijapani na kumwonyesha ramani isiyo na hata mtaa mmoja wa Iringa. Redioni tunajibu kwa dakika tatu, kisha muziki unaingia. Hapa tumeandika jibu lote.

Tunazungumzia kile kifaa kidogo chenye kioo cha inchi 5 hadi 7, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele au juu ya dashibodi, kinachoonyesha ramani na kutoa sauti: "Baada ya mita 300, pinda kushoto." Garmin na TomTom ndiyo majina yanayojulikana zaidi, lakini maelezo haya yanafaa kwa kifaa cha kampuni yoyote.

Kinajuaje ulipo?

GPS ni mtambo wa setilaiti uliojengwa na jeshi la Marekani. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mtambo mzima ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Setilaiti zake, zisizopungua 24 zinazofanya kazi, huzunguka dunia mara mbili kwa siku zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Kila moja hutuma ishara ya redio yenye saa sahihi kabisa. Ishara hiyo hufika kwenye gari lako chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kupima muda huo, kifaa kinajua kiko mbali kiasi gani na setilaiti ile. Kikipata setilaiti nne, kinaweza kupiga hesabu ya mahali kilipo. Tatu ni za kupata mahali, ya nne ni ya kurekebisha saa ya kifaa chenyewe, ambayo si sahihi kama zile za angani.

Hadi mwaka 2000, Wamarekani walikuwa wakiharibu ishara ya raia kwa makusudi, hivyo kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100. Mwezi Mei mwaka huo walizima hitilafu hiyo. Leo, chini ya anga wazi, kosa la kawaida ni mita chache tu. Vifaa vingi vya sasa husikiliza pia setilaiti za Urusi ziitwazo GLONASS, na vingine zile za Ulaya, Galileo. Setilaiti zikiwa nyingi ni rahisi kupata mahali hata kwenye bonde jembamba au katikati ya maghorofa ya Posta.

Kuna mambo mawili ambayo wasikilizaji wengi huyachanganya. La kwanza ni intaneti. Kupokea ishara ya setilaiti hakuhitaji bando wala mnara wa simu, na hakuna anayelipia. La pili ni kufuatiliwa. GPS ya gari hupokea tu, haimpelekei mtu yeyote habari za ulipo. Kile kifaa kilichofungwa kwenye mabasi ya mikoani ili LATRA ione mwendo wa basi ni kitu kingine: kile kinapokea ishara za setilaiti, halafu kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mtaani vyote vinaitwa GPS, kwa hiyo ukienda dukani eleza unataka kipi.

Mahali ni jambo moja, ramani ni jambo lingine

Setilaiti hazijui barabara. Zinakupa namba mbili tu: uko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta, na umbali gani mashariki au magharibi mwa mstari wa Greenwich. Barabara, madaraja, vituo vya mafuta na majina ya mitaa vyote vinatoka kwenye ramani iliyohifadhiwa ndani ya kifaa. Ramani hiyo ilichorwa na mtu, siku fulani, na tangu siku hiyo imekuwa ikizeeka.

Hili tulilijua kwa gharama yetu wenyewe. Mwezi Machi, miaka michache iliyopita, tulitoka Iringa mjini kwenda kurusha matangazo ya moja kwa moja kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo. Tulitakiwa kuwa hewani saa kumi jioni. Tulikuwa watatu: dereva, fundi mitambo na mtangazaji. Dereva wetu aliijua barabara kubwa, lakini GPS ilituonyesha njia nyingine iliyopungua kilomita 14. Tukaifuata. Mwanzo ilikuwa changarawe nzuri iliyoshindiliwa. Kisha ukaja udongo mwekundu, kisha majani katikati ya njia. Dereva yeyote wa huku anajua maana ya majani hayo: magari hayapiti. Sisi tuliendelea, kwa kuwa mshale ulikuwa bado unatuelekeza mbele.

Kando ya shamba la mahindi tulimkuta mzee mmoja. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Wanangu, mnakwenda wapi na gari?" Tukamtajia kijiji. "Kwa njia hii? Daraja lilikwenda na maji mwaka juzi. Hata pikipiki zinapita kiangazi tu." Dereva akamwonyesha kile kioo. Mzee akakitazama kwa makini, akasema, "Labda chenyewe kimeona daraja lingine."

Kugeuza gari kulituchukua karibu saa nzima, maana gurudumu la nyuma lilizama kwenye tope. Tulifika kijijini saa kumi na mbili kasoro robo. Studio ilikuwa imeshapiga muziki kujaza saa yetu. Kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, waliokuwa wamejiandaa kuzungumza hewani kwa mara ya kwanza, walikuwa wamekaa wakitusubiri tangu saa tisa. Wengine walikuwa wamesharudi nyumbani kuwahi kupika.

Kifaa hakikuwa kibovu. Kilijua tulipo kwa mita chache. Ramani ndiyo ilikuwa ya zamani, na sisi tulikuwa tumekiambia kichague njia fupi kuliko zote.

Wapo waliopatwa na makubwa zaidi. Mwaka 2009, katika jangwa la Death Valley nchini Marekani, mama mmoja aliyekuwa akifuata maelekezo ya GPS alikwama na mwanawe mdogo kwa siku kadhaa kwenye joto kali. Mtoto alifariki. Mwaka 2012, watalii watatu kutoka Japani waliingiza gari baharini karibu na Brisbane, Australia, kwa sababu kifaa kiliwaonyesha kwamba kisiwa walichokuwa wakienda kinafikika kwa barabara. Wao walitoka salama, gari likabaki kwenye maji. Katika visa vyote hivyo, setilaiti zilikuwa zikifanya kazi yake.

Sifa za kukagua kabla ya kununua

Ramani ya nchi unayoendesha. Hili ni la kwanza, kabla ya ukubwa wa kioo na kabla ya bei. Kifaa kilichouzwa Ulaya huja na ramani ya Ulaya. Kikiletwa kwenye begi la ndugu aliyerudi likizo, kitakuonyesha doa la gari lako likielea mahali patupu. Muulize muuzaji akiwashe mbele yako, atafute mji wako na kijiji kimoja unachokijua. Kwa vifaa vya Garmin, kuna ramani za Tracks4Africa zinazouzwa, zilizotengenezwa kutokana na safari za watu waliopita kwenye barabara za Afrika, na kuna ramani za bure zinazotokana na OpenStreetMap.

Kusasisha ramani. Kwenye boksi unaweza kukuta ahadi ya ramani za "maisha yote". Maisha yanayosemwa hapo ni ya kifaa, si yako. Kampuni ikiacha kukihudumia, ramani mpya zinakoma. Kagua pia nafasi ya kuweka memori kadi, kwa kuwa ramani mpya mara nyingi ni kubwa kuliko ile ya zamani.

Kioo na kishikizo. Kioo kisomeke juani. Kishike mkononi, toka nje ya duka saa saba mchana, utazame. Kishikizo cha mpira kinachonyonya kioo huachia kwenye barabara ya vumbi na matuta, hivyo futa kioo cha gari kwa kitambaa chenye maji kabla ya kukibandika.

Umeme. Betri ya ndani ya vifaa vingi hudumu kama saa moja tu, kwa hiyo kifaa hutegemea tundu la kiberiti cha gari. Gari dogo lina umeme wa volti 12, lori kubwa lina volti 24. Kama unaendesha lori, soma maandishi kwenye kichwa cha chaji: yakisema 12 peke yake, usichomeke.

Sauti. Kuna vifaa vyenye sauti iliyorekodiwa, inayosema "pinda kulia" bila kutaja mtaa, na vile vinavyosoma majina. Vinavyosoma majina huyasoma kwa matamshi ya Kizungu, na unaweza kupita jina la mtaa wako bila kulitambua. Kwenye kipilefti, sikiliza namba ya njia ya kutokea badala ya jina.

Mwendokasi. Namba ya mwendo inayoonekana kwenye GPS mara nyingi ni sahihi kuliko mshale wa dashibodi, kwa kuwa mshale wa magari mengi hutengenezwa usome juu kidogo. Lakini kikomo cha mwendo kinachoonyeshwa pembeni kinatoka kwenye ramani. Kibao kilichosimama kando ya barabara ndicho sheria. Vivyo hivyo tahadhari ya kamera: kifaa kinakumbuka kamera zilizofungwa mahali pamoja. Trafiki mwenye tochi leo yuko Mafinga, kesho yuko Ilula, na hayumo kwenye ramani yoyote.

Habari za foleni. Ulaya na Marekani vifaa hupokea habari za foleni kupitia redio au simu. Kabla ya kulipia sifa hii, uliza kama inafanya kazi hapa.

Lori. Kuna vifaa maalumu vinavyokuruhusu kuingiza urefu, kimo na uzito wa gari ili kukwepa daraja dogo. Ni vizuri, ila vinakwepa tu madaraja ambayo uzito wake umeandikwa kwenye ramani.

Ukinunua kilichotumika

Vifaa vya mitumba vipo vingi, na vingine bado ni vizima. Kagua tarehe. Setilaiti za GPS huhesabu wiki hadi 1,024, kisha huanza upya sifuri. Hesabu ilianza upya Agosti 1999, na tena Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani visivyosasishwa vilichanganyikiwa siku hiyo na kurudi nyuma karibu miaka 20. Ukiwasha kifaa nje, kikakamata setilaiti na bado kinaonyesha mwaka usio sahihi, mwachie muuzaji.

Usishtuke kikichelewa mara ya kwanza. Kifaa kilichozimwa kwa miezi, au kilichosafirishwa kutoka bara lingine, huanza kwa kutafuta setilaiti upya, na hilo linaweza kuchukua zaidi ya dakika 10. Kiweke mahali pa wazi, gari likiwa limesimama.

Mipangilio inayookoa safari

Kazi ya dakika tano ukiwa umeegesha inaweza kukuepusha na yaliyotukuta Kilolo.

Chagua njia ya haraka, si njia fupi. Kwenye ramani, Iringa na Ifakara ni kama majirani. Katikati ipo milima ya Udzungwa, na mwenye gari la kawaida huzunguka kupitia Mikumi. Zima pia barabara zisizo na lami kama kifaa chako kina chaguo hilo, hasa wakati wa mvua.

Weka kilomita badala ya maili. Kumbuka saa ya kufika huonyeshwa kwa mtindo wa saa 24: 15:40 ni saa tisa na dakika arobaini alasiri. Saa hiyo ni makadirio. Haijui malori yaliyopanga mstari kwenye mlima Kitonga, foleni ya mizani, wala matuta.

Angalia jina mara mbili. Ukiandika Majengo, kuna Majengo ya Moshi, ya Dodoma, ya Mbeya na ya Mombasa. Soma mkoa na umbali kabla ya kubonyeza. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina vibao, lakini ramani ya zamani ndani ya kifaa haina majina hayo.

Ukipewa namba za mahali, ziingize kwa uangalifu. Iringa mjini ni karibu nyuzi 7.77 kusini na 35.70 mashariki. Ukisahau kuweka kusini, kifaa kitatafuta mahali palipo kusini-magharibi mwa Ethiopia. Nyuzi na dakika pia si sawa na desimali: nyuzi 7 na dakika 46 ni 7.77, si 7.46. Ukikosea hapo, utafika kilomita 34 mbali na mwenyeji wako.

Usihifadhi "nyumbani" mlangoni kwako. Mwizi akichukua kifaa, atabonyeza kitufe kimoja na kuelekezwa kwenu, wakati anajua wewe uko safarini. Hifadhi kituo cha mafuta au njia panda ya karibu. Weka namba ya siri kama kipo kipengele hicho. Ukiegesha, ondoa kifaa pamoja na kishikizo, na futa lile duara linalobaki kwenye kioo.

Kwa wanaovuka mpaka, hakikisha nchi unayokwenda imo kwenye ramani kabla hujaondoka. Kenya, Uganda, Malawi na Zambia mtaendelea kushoto kama hapa. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia, na hakuna kifaa kitakachokushikia usukani.

Simu au kifaa?

Simu ya kisasa hupokea setilaiti zilezile. Google Maps hukuruhusu kupakua eneo zima ukiwa na bando au Wi-Fi na kulitumia bila intaneti, na programu kama OsmAnd na Organic Maps hutumia ramani za OpenStreetMap zinazokaa ndani ya simu. Kwa mtu anayesafiri mara moja moja, hiyo inatosha.

Kifaa maalumu kina faida kwa anayeishi barabarani. Kioo chake ni kikubwa, kinavumilia jua la dashibodi ambalo huifanya simu ipate moto na kujizima, na mtu akikupigia, ramani haipotei. Upande wa simu, ramani hubadilishwa mara kwa mara bila gharama. Ukitumia chochote kati ya hivi, pakua au sasisha kabla ya safari, na ingiza unakokwenda kabla gari halijaondoka. Kama kuna utingo au abiria mbele, yeye ndiye ashike kioo.

Kuuliza si ujinga

Sisi bado tunasafiri na GPS. Ila sasa, kabla ya kuacha lami, tunasimama njia panda na kuwauliza bodaboda maswali mawili: gari la mwisho kupita huko lilipita lini, na mbele kuna daraja? Inatuchukua dakika mbili. Tukikuta majani katikati ya njia, tunageuza hata kama mshale unasema twende.

Na kuna jambo jingine ambalo kila dereva anaweza kulifanya. OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ni ramani inayorekebishwa na mtu yeyote. Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walichora wenyewe mitaa yao na sehemu zinazofurika. Wiki ile tuliyochelewa Kilolo, fundi mitambo wetu alifungua ramani hiyo, akakuta daraja la yule mzee bado lipo, akalifuta. Kisha tukarudi kijijini kwa barabara kubwa, na safari hii tulifika saa nane mchana. Kina mama walizungumza hewani saa nzima.